Kalamu ya Malakite

15 Oktoba 1992

Kalamu ya wino isipoandika inakauka, na hii yangu ikikauka nimekwisha, maana hapa Likasi, Katanga, hakuna tena fundi wa kalamu. Shule imefungwa tangu vurugu zianze, sina daftari hata moja la kusahihisha. Basi naandika humu. Sina jambo kubwa la kusema. Nailisha tu kalamu.

Isidore, mume wangu, amenikuta mezani akacheka.

"Martine, sasa uko unaandikia nani?"

"Naandikia plume."

"Basi uisalimie."

Yeye acheke. Mimi tangu asubuhi siwezi kucheka. Jana pale atelier, kwenye kiwanda cha Panda anakochonga vyuma, wamewarudisha nyumbani mafundi wengine wenye asili ya jimbo la Kasai. Wameambiwa kwao si hapa. Isidore hawakumwita. Baba yake alitoka Kasai na kazi ya reli, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Panda, kambi ya wafanyakazi, na Kasai anaijua kwa ramani ya darasa langu tu. Mchana kutwa namkumbusha hayo, utadhani yeye ndiye aliyesahau.

16 Oktoba

Joto, mawingu, hakuna hata tone. Naandika wino usikauke.

18 Oktoba, Dominika

Leo nimemnyima Georges kalamu, na roho yangu haijatulia.

Georges ni jirani yetu, tunateka maji bomba moja. Isidore ndiye aliyemfundisha kazi pale atelier, tangu alipokuwa hajui hata kushika tupa. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Sephora. Leo amekuja amevaa shati la pasi, Biblia kwapani, uso wote unacheka.

"Madame, nakuomba ile kalamu yako ya malakite. Nataka kuandika jina ya mutoto mu Bible, na mukono yangu minye mwenyewe."

Nikamwambia aniachie Biblia, nitamwandikia vizuri, herufi za diploma. Hakutaka. Nikamweleza kwamba kalamu ya wino haikopeshwi: plume, ile ncha yake ya chuma, inazoea mkono mmoja, inalalia upande wake, mtu mwingine akiikandamiza inapotoka na hairudi tena. Ni kweli kabisa. Lakini nilipokuwa nasema nilisikia sauti yangu ya darasani, ile ya kumwambia mtoto arudi kukaa.

"Jiwe ya kwetu," akasema, "yenye ilitoka mu udongo ya kwetu, na minye siwezi kuigusa?"

"Georges, tafadhali."

"Hapana, Madame. Nimesikia."

Nikamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni kwake. Hakugeuka.

19 Oktoba

Si jiwe. Acha niliandike hapa, maana mtaa mzima unaiita kalamu ya jiwe, nami sijasema ndiyo wala hapana. Watu wa hapa wamezaliwa juu ya malakite, hilo jiwe la kijani la shaba. Wanaichonga misalaba, mayai, visahani vya majivu ya sigara, basi wakiona kitu cha kijani chenye pete pete hawaulizi. Kumbe hii ni resini. Plastiki, kwa lugha yetu.

Isidore aliinunua mwaka tuliooana. Mimi nilitaka nyeusi yenye mkanda wa dhahabu, kama ya directeur wa shule. Hii ilikuwa imekaa dirishani kwa Mgiriki wa papeterie, duka la karatasi na kalamu, miaka na miaka, jua linaipiga, hakuna anayeitazama. Wakubwa walitaka nyeusi, wadogo walitaka biki za bei rahisi. Mgiriki akamwambia Isidore kwamba kiwanda kilichozitengeneza huko Ulaya kimefungwa, hazitoki tena, na katriji zake pia hazitoki. Mtu mwenye akili angeondoka. Isidore akaichukua hapo hapo.

Nilipofungua karatasi nikasema, "Plastiki tu?"

Akaniambia, "Iinue ku dirisha."

Nikaiinua. Lo! Kijani kimejizungusha pete kwa pete, cheusi kinapita katikati kama mshipa, na karibu na kifuniko kuna doa moja la chungwa ambalo sijui lilifika vipi, nadhani hata mwenye kiwanda hakujua. Jiwe linazuia mwanga, lakini hii mwanga unaingia ndani na kukaa. Halafu jiwe linabaki baridi, na hii ukiandika mistari miwili imeshachukua joto la mkono wako. Tangu siku hiyo sijatamani nyingine. Kifuniko kilipopasuka, Isidore alikichongea pete ya shaba. Wino natengeneza mwenyewe: naomba ile violet ya dispensari, dawa ya kupaka watoto mdomoni, natia maji, najaza kwa bomba la sindano. Vidole vyangu ni vya zambarau. Shuleni wananiita Madame Violet wakidhani sisikii.

27 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati zimelia mchana kutwa. Isidore ameenda kazini, amerudi.

28 Oktoba

Ameenda, amerudi.

2 Novemba

Wamemrudisha.

Amefika mapema na kisanduku chake cha vyombo begani, amelowa chepechepe. Getini amekuta vijana, na mmoja ambaye hamjui akamwambia, "Rudia kwenu." Isidore akamuuliza, kwetu camp gani? Alipokuwa ananisimulia alijaribu kucheka. Halafu akakaa kitandani na viatu vyake vya matope, na mimi ambaye ningemfokea mtu yeyote kwa hilo, nikapiga magoti nikamvua.

"Georges alikuwapo?"

"Alikuwapo."

"Akasema nini?"

"Aliangalia mashini."

Naogopa. Nataka kuandika kitu kingine lakini ndicho hicho tu: naogopa.

9 Novemba

Mvua. Kule gare, pale treni zinapopakia, watu wa asili ya Kasai wamejaa na magodoro yao, wanasubiri treni ya kwenda kwao. Wengine wamefukuzwa nyumbani usiku kwa mawe, wengine wametangulia wenyewe kabla hayajawafika. Watoto wanazaliwa pale chini ya maturubai. Barabarani wanawaita bilulu, wadudu. Nilisikia mtoto wa darasa langu akilisema neno hilo, akaniona, akaziba mdomo. Heri angekuwa mkaidi nikamchapa.

10 Novemba

Treni haikufika.

11 Novemba

Treni haikufika. Wino mzito leo, nimetia maji zaidi.

21 Novemba

Nimeenda gare kumpelekea bukari, ugali wetu, mwalimu mwenzangu anayengoja pale na mama yake. Nimeona jambo ambalo linanizuia kula.

Kabla ya kufika kwenye mabehewa kuna barrière, kizuizi cha kukagua watu. Vijana wanafungua mizigo ya watu, wanasema mali ya Katanga haitoki. Bibi mmoja alikuwa na msalaba wa kijani shingoni. Wakauvuta. Bibi akalia kwamba ni kioo tu, ulitoka kwa masista. Kijana mmoja akauweka kwenye shavu lake. Hiyo kila mtu wa hapa anaijua tangu utoto: malakite ukiiweka kwenye shavu inakuuma kwa baridi, cha bandia kina uvuguvugu.

"Baridi," akasema. "Ni jiwe yetu. Muwaondoshe."

Hawakuchukua msalaba peke yake. Bibi, mwanawe, mke wa mwanawe, wote wakatolewa kwenye foleni kwa mateke, wakiitwa wezi wa mali ya Katanga, na magodoro yao yakabaki upande wa pili. Na aliyeshika filimbi pale barrière, aliyekuwa anapuliza kufungua na kufunga, alikuwa Georges.

Hakuniona. Au aliniona. Nimerudi karibu nikikimbia.

22 Novemba, Dominika

Kalamu nimeificha ndani ya kopo la unga. Naitoa kuandika, naipangusa, nairudisha. Isidore ameniambia, "Martine, ile ni plastiki." Najua ni plastiki! Yule bibi naye alisema ni kioo.

26 Novemba

Nimekutana na Georges bombani. Zamani angenibebea ndoo. Leo alisimama pembeni, filimbi inaning'inia, akaangalia vidole vyangu.

"Madame, ungali unaandika?"

"Kidogo."

"Na ile jiwe."

Hakuuliza, alisema tu. Nilijaza ndoo nusu nikaondoka. Huyu mtu nilimpikia sombe, majani ya muhogo, siku mkewe alipolazwa. Leo namwona kama nyoka, na aibu ya kumwona hivyo sina.

29 Novemba, Dominika

Yaya Benoît, kaka yangu mkubwa, amefika kutoka Kapolowe kwa baiskeli, na gunia la unga nyuma. Nilifurahi mpaka alipofungua mdomo.

Alingoja Isidore atoke nje kuosha mikono. "Mudogo yangu, minye nimekuya kukukamata, turudie kwetu. Bwana yako aende, ni kwao. Weye ni muntu wa hapa. Hamuna mutoto. Nini njo inakufunga?"

Mtu anaweza kukupiga kofi ukasikia maumivu kidogo kuliko hayo. Nikamwambia, "Kinachonifunga ni yeye."

"Aka! Utaenda kule kusema luga gani? Utakula nini? Na hii nyumba utamuachia nani?" Halafu akaona kalamu mezani, maana nilikuwa sijaificha. "Na hii malakite, ibaki. Ni ya kwetu."

"Yaya, hata hii si malakite."

"Ni nini basi?"

"Plastiki."

Aliigeuza geuza, akaona pete ya shaba, akaiweka chini polepole. Hakuniamini. Isidore alipoingia wakazungumza habari za mihogo, mvua na bei za mahindi, shemeki hapa, shemeki pale, kwa heshima zote. Nilitaka kuwapigia sahani kichwani.

6 Desemba, Dominika

Jiwe juu ya bati. Moja tu. Hatukulala.

7 Desemba

Hakuna.

8 Desemba

Mawe mengi. Filimbi ikalia upande wa kwa Georges, yakaacha. Isidore anasema labda Georges aliwakataza. Mimi nasema labda ndiye aliyewapa amri ya kuanza na ya kumaliza. Tumebishana mpaka nikalia.

12 Desemba

Isidore ameniambia ataondoka peke yake.

Ameyasema akiwa anapaka mafuta vyombo vyake, bila kuniangalia. Tupa, bisibisi, kipimo cha chuma, kila kimoja anakipangusa na kukilaza mahali pake kisandukuni. Ati akifika atatafuta nyumba, atatafuta kazi, ndipo aniite. Ati mimi nina shule, nina kaka, nina jina la hapa, hakuna atakayenigusa. Ati njiani watu wanakufa, watoto na wazee wanazikwa kando ya reli, na yeye hawezi kunipeleka katika hayo.

"Utaniita na nini?" nikamuuliza. "Posta imekufa. Mume wa Madame Clémentine aliondoka tangu mwezi wa tisa, amemwita?"

"Nitakuita."

"Isidore, unaniacha."

"Nakuacha muzima."

"Sikukuomba uniache muzima!"

Jirani walisikia, na wasikie. Nimeishi na mtu huyu mpaka najua kikohozi chake cha asubuhi kitatokea lini. Kama angeniambia amechoka nami, ningejua la kujibu. Lakini ananifukuza kwa huruma, na huruma sina njia ya kupigana nayo.

13 Desemba, Dominika

Sijasema naye. Wino unaandika.

14 Desemba

Sijasema naye. Mvua.

15 Desemba

Amekohoa. Nimecheka bila kutaka, naye akacheka. Hatujakubaliana chochote.

25 Desemba

Noeli. Kuku hakuna. Georges amepita na Sephora begani, kofia nyekundu kichwani mwa mtoto. Akasimama kidogo mbele ya mlango wetu kama mtu anayetaka kuingia, akaendelea. Sikutoka. Niliiona ile kofia mpaka ikapotea, nikajiuliza kama jina la mtoto aliliandika, na kwa kalamu gani.

3 Januari 1993, Dominika

Wanasema treni itafika wiki hii au ijayo. Nyumba ya nyuma yetu wameingia watu wengine, mlango wamekwisha kuupaka rangi.

Nimemwambia Isidore, mbele ya msalaba wa ukutani, kwamba akipanda bila mimi nitatembea juu ya reli nikimfuata, kwa miguu, na atakuwa ameniua yeye si wao. Baadaye akasema, "Basi ufunge viatu vizuri." Ndiyo ndoa yetu hiyo.

Kwa hiyo naenda. Nimeandika neno hilo na plume imekwaruza karatasi. Angalia hiyo n.

8 Januari

Kalamu haiwezi kupita. Nimefikiri usiku na mchana. Wakiikuta, watasema jiwe, watamtoa Isidore kwenye foleni, na akitolewa kwenye foleni peke yake katikati ya wale vijana sijui watamfanya nini. Na anayesimama barrière ni yule yule niliyemnyima. Kwa kitu cha kijani cha kuandikia? Hapana.

Yaya Benoît amekuja kutuaga. Alitazama mizigo, akanitazama mimi, hakurudia maneno yake. Akasema tu kwamba kisanduku cha vyombo yeye ndiye atakayekipitisha kwa baiskeli upande wa masoko, maana yeye hawamfungui. Kaka yangu! Nimemkasirikia mwezi mzima, kumbe alikuwa anaogopa kama mimi.

Nampa kalamu aende nayo Kapolowe. Huu ndio mstari wake wa mwisho. Naangalia doa la chungwa.

9 Januari

Naandika na biki. Inateleza, haijali nani ameishika. Mwandiko huu ni wa mtu mwingine.

10 Januari, Dominika

Biki haikauki. Sina sababu ya kuandika.

13 Januari

Treni imefika. Kesho.

15 Januari

Ndani ya treni, imesimama porini, sijui wapi. Wino wa violet. Sijakosea kuandika: wa violet.

Jana tulitoka nyumbani mvua ikimwagika. Niliacha ufunguo mlangoni. Pale gare watu walikuwa wanasukumana, akina mama wanaita majina ya watoto wao, na mimi nilikuwa nimeshika mkanda wa Isidore kwa nyuma kama kipofu. Benoît alitungoja kwenye duka la pembeni; kisanduku alikuwa amekwisha kukipitisha upande wa pili wa barrière. Akakumbatiana na Isidore, muda mrefu, nikaona mkono wake unaingia mfukoni mwa shati la mume wangu. Nilidhani anampa chakula cha njiani. Akaondoka na baiskeli yake bila kunitazama, maana macho yalikuwa yamemjaa.

Barrière. Tukangoja kwenye mvua mpaka nikaacha kuhisi miguu. Georges alikuwa pale na filimbi. Aliponiona akashtuka.

"Madame, weye rudia. Weye ni muntu wa hapa."

"Niko na bwana yangu, Georges."

"Najua bwana yako. Njo yeye alinifundisha kazi." Alilisema kwa sauti ya chini. Isidore alimwangalia tu, maji yakimtiririka usoni.

Vijana wawili wakafungua mizigo. Sufuria, nguo, misale ya kanisani. Mmoja akampapasa Isidore kifuani, akavuta kitu mfukoni, akakiinua juu.

Kalamu yangu.

Eh Mungu. Isidore akaniangalia, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyekamatwa. "Utaandika na nini?" akaninong'oneza. Hapo, katikati ya watu wale, ndivyo alivyoniambia: utaandika na nini. Alimtuma Benoît airudishe. Wote wawili walijua, mimi peke yangu sikujua.

"Malakite!" kijana akapiga kelele. "Na pete ya shaba! Huyu bilulu eko anaiba mpaka jiwe!"

"Ni plastiki," nikasema. "Bwana, angalia, ni nyepesi."

"Ni nyepesi juu ya vile wameitoboa. Georges, weka ku shavu."

Wengine wakasogea, mmoja ana fimbo. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: kalamu imekaa mfukoni mwa shati lililolowa, kwenye mvua, muda wote huo. Plastiki au si plastiki. Nikajua jibu la shavu kabla ya shavu: baridi. Nikamshika Isidore mkono kwa nguvu, nikafikiri, sasa watamchukua, na ni kwa ajili ya kalamu yangu.

Georges akaipokea. Hakuwa ameishika hata siku moja. Akaigeuza kwenye kiganja, akafungua kifuniko, akaiangalia plume, akafunga. Akaniangalia mimi. Akaiweka kwenye shavu lake na akaiacha hapo, maji ya mvua yanashuka kwenye vidole vyake. Sikuona kitu chochote usoni mwake, na nilimtazama kama sijawahi kumtazama mtu.

"Iko moto," akasema.

"Hakika?"

"Iko moto, nasema. Plastiki tu. Kintu ya batoto." Hakumrudishia kijana, wala Isidore. Alininyooshea mimi. "Kamata, Madame. Ulisema haikopeshwe."

Akapuliza filimbi, tukapita.

Tulipopata nafasi behewani, kati ya magodoro ya watu, nilikuwa bado nimeikunja ndani ya ngumi, sikuthubutu kuiangalia. Isidore aliomba msamaha, nikamwambia anyamaze, nikamwegemea. Treni ikavuta. Panda ikapita, mabomba ya kiwanda, paa la shule yangu. Ndipo nikafungua ngumi nikaiweka kwenye shavu langu.

Ilikuwa baridi. Nimeikunja muda wote huo katika mkono uliolowa na kufa ganzi, na bado ilikuwa baridi inauma, kama jiwe lolote la pale kwetu. Na Georges hakuwahi kuambiwa kwamba si jiwe, ila pale barrière, ambapo kila mtu husema hivyo. Mimi sikumwambia. Kwake ilikuwa jiwe, na akasema iko moto.